Jibu la Kwanza

Mtoto wa kaka yangu alikuwa hanywi maji siku za shule. Akiamka alfajiri, akiswali, akila mkate mkavu au kiporo cha jana, na nikimwekea chai aliisukuma kando kwa kidole kana kwamba nimemwekea dawa. Kisha nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kupitia vichochoro vya Mtopanga mpaka shuleni, jua likitupiga utosini sote wawili, na bado hakunywa. Mchana nikienda kumchukua nilimkuta midomo imekauka mpaka imepasuka. Tukifika nyumbani hakuomba kikombe, aliomba jagi.

Sababu yake ilikuwa ngazi mbili na mlango mmoja. Vyoo vya wasichana pale shuleni vimejengwa juu ya msingi ulioinuka, na ili uingie ni lazima upande ngazi mbili za saruji, kisha upite kwenye mlango ambao hata mimi, kwa mwili huu aliokadiria Mungu, naupita kwa ubavu. Kiti hakipandi, na hata kingepanda hakiingii. Alipokuwa mdogo wenzake walikuwa wakimbeba, mmoja huku na mwingine kule, wakicheka, naye akicheka nao. Lakini sasa yuko gredi ya sita. Amekua, ana haya zake, na hataki kubebwa na kuinuliwa nguo na watoto wenziwe. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba anaweza kutambaa. Nilimwuliza kama yeye angemtambaza binti yake kwenye sakafu ile. Tangu siku ile akiniona langoni hujifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kwa hiyo mtoto aliamua mwenyewe. Asiponywa, hatataka kwenda. Ilikuwa hesabu rahisi ya mtoto mwerevu, na ilimpeleka kwa daktari. Mara ya kwanza alipata homa na maumivu ya kiuno, akakojoa damu. Daktari alisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, akampa dawa, akatuambia mbele yake mwenyewe kwamba asipokunywa maji mchana kutwa yatarudi, na yakizoea kurudi yatamharibu mafigo. Mtoto aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Jumatatu alirudi shule bila kunywa.

Nyumbani kwetu kaka yangu alimaliza tatizo hilo kwa siku moja. Yeye ni dereva wa malori ya makasha, maskani yake ni Miritini kuliko nyumbani, lakini Jumapili moja alikuja na kokoto kutoka machimbo ya Mwakirunge, akakoroga saruji, akavunja kizingiti cha choo chetu na kumwaga mteremko. Mlango akaupanua kwa tindo. Jioni mtoto aliingia na kiti chake mwenyewe, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu bila haja yoyote. Tulimsikia akiimba.

Kaka yangu akaenda shuleni kusema kwamba atafanya vilevile pale, kwa mikono yake na kwa saruji yake. Wazazi wengine wakasema watamsaidia. Jibu lilikuwa hapana. Majengo ni ya serikali, hayaguswi bila ya mhandisi kutoka ofisini kuja kuona na kutoa kibali. Na mhandisi atakuja lini? Ameshaombwa. Tukauliza tena muhula uliofuata, na ule uliofuata. Ameshaombwa. Wallahi, ningemjua mtu huyo nyumba yake ningekwenda kumlalia mlangoni.

Sasa ndipo wageni walipotangazwa. Mwalimu mkuu alitukusanya wazazi akatuambia kwamba maafisa watakuja kutoka Nairobi, pamoja na wa kaunti, kusikiliza sauti za watoto. Serikali yetu, alisema, imetia sahihi mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, na inatakiwa kila baada ya muda ipeleke ripoti kule ng'ambo kueleza inavyoutimiza. Na mkataba wenyewe unasema mtoto asikilizwe. Kwa hiyo watamsikiliza.

Sikukasirika siku ile, nakiri. Nilifurahi mpaka nikajiona mjinga njiani. Nilifikiri, basi huyu mhandisi atarukwa, mtoto atasema na watu wakubwa uso kwa uso, na ngazi mbili hazitaishinda serikali nzima.

Shule ikaanza kupambwa. Ukuta wa vyoo ulipakwa rangi ya samawati, na juu yake akaletwa mchoraji akachora watoto wameshikana mikono, na katikati yao msichana kwenye kiti cha magurudumu, anacheka, meno yote nje. Chini yake wakaandika kwamba kila mtoto ana haki sawa. Ngazi mbili zikapakwa rangi pia, nyeupe, ili wageni wasijikwae. Nilisimama pale nikautazama ukuta ule. Mtu alikuja na ndoo ya rangi, akainama, akapaka ngazi zile kwa brashi, kisha akanyoosha mgongo akachora kiti cha magurudumu juu yake, na haikumpitia akilini.

Mtoto wetu akachaguliwa akae mstari wa mbele na aseme. Tulijua kwa nini amechaguliwa. Lakini alitaka kusema, na maneno yake alikuwa nayo tayari. Alinisomea nikiwa kwenye cherehani: "Naomba choo ambacho nitaweza kuingia peke yangu, ili niweze kunywa maji." Basi. Nikamwambia hayo yanatosha, asiongeze wala asipunguze.

Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. "Utasema," alimwambia, "lakini kwa adabu. Salamu kwanza, mwanangu. Usimrukie mgeni na shida zako hajakaa hata tini."

Hapa inanibidi nieleze adabu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Nyumbani kwetu, na katika nyumba zote za wakongwe tulimolelewa, ukiulizwa hali unajibu sijambo. Uwe na homa, uwe na msiba, jibu la kwanza ni sijambo, alhamdulillahi. Jibu hilo si habari, ni heshima kwa aliyekuuliza na shukrani kwa Mungu. Mgeni naye anajua. Anakaa, anapewa cha kunywa, anavuta pumzi, kisha anauliza tena, "Hali yako hasa?" Hapo sasa ndipo unaposema. Baba yangu siku ya mwisho ya uhai wake, anapumua kwa taabu hospitalini, alimjibu kila aliyeingia "sijambo kabisa". Nao wote walikaa kitako, wakamwuliza tena, na kila mmoja akaambiwa kwamba tumbo linammaliza. Hakuna aliyetoka pale na jibu la kwanza akaenda kutangaza kwamba mzee ni mzima. Angetokea mtu kama huyo tungesema hana akili, au hana mtu wa kumlea.

Siku ikafika. Mahema, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, spika zinazokoroma. Kila mtoto wa mstari wa mbele aliwekewa mapajani chupa ya maji baridi, kwa ajili ya picha. Mtoto wangu aliishika chupa yake kwa mikono miwili muda wote. Jasho la chupa lilimlowesha sketi. Hakuifungua.

Hotuba zilikuwa nyingi. Nilisikia maneno "viwango vya kimataifa" mpaka nikachoka kuyasikia. Serikali imejitolea kwa viwango vya kimataifa, kaunti inaongozwa na viwango vya kimataifa, nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuutia sahihi mkataba. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, ili yaishe upesi.

Kisha bibi mmoja afisa, mwenye miwani mizuri na sauti ya upole, akachukua kipaza sauti akashuka kwa watoto. Alianza na wetu. Hakuinama. Alisimama mbele ya kiti akamwekea kipaza sauti kinywani.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Haya tuambie, uko sawa hapa shuleni? Unaionaje shule yako?"

"Niko salama, alhamdulillahi," alisema mtoto. "Shule ni nzuri."

Akangoja. Nilikuwa nimekaa upande, namwona uso. Alikuwa ameinua kidevu, midomo imefunguka kidogo, maneno yake yako pale pale ulimini, anangoja aulizwe tena kama anavyoulizwa kila mtu duniani aliyelelewa. Yule bibi akakirudisha kipaza sauti kwake.

"Mmesikia wenyewe!" alisema. "Makofi kwake!"

Wakampigia. Akahamia kwa mtoto wa pili.

Mimi niliinuka. Niliinua mkono, nikaupunga, nikasema kwa sauti kwamba mtoto hajamaliza. Kijana mwenye kitambulisho shingoni akanijia mbio, akaniambia polepole, "Mama, leo ni siku ya watoto kusikilizwa. Wazazi mtapata nafasi yenu siku nyingine." Nikamwambia ndiyo maana nimesimama, mtoto hajasikilizwa. Akaniwekea mkono begani kunikalisha. Nikauondoa mkono wake. Watu wakageuka, mwalimu mkuu akanitazama kwa macho ya kuomba, na mtoto mwenyewe akanitikisia kichwa kwamba nikae. Nikakaa. Nilikaa kwa ajili yake tu.

Lakini hawakuondoka bila kuniona. Nilikwenda nikasimama kando ya gari lao, na yule bibi afisa alipokuja nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Nikamwambia kwamba lile alilolipata ni jibu la salamu, kwamba huku kwetu mtoto mwenye malezi hawezi kumvamia mgeni na shida, kwamba alikuwa anangoja kuulizwa mara ya pili. Nikamwambia habari za ngazi mbili, na mafigo. Gari lilikuwa limeegeshwa kutazamana na ukuta ule uliochorwa. Nilimwonyesha kwa kidole.

Alinisikiliza, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Mama, nakuelewa. Lakini mtoto ameulizwa na amejibu kwa kinywa chake. Hatuwezi kumwekea maneno. Viwango vya kimataifa vinatukataza kuchukua maneno ya mtu mzima badala ya ya mtoto."

"Basi rudi umuulize tena," nilimwambia. "Yule pale, hajaondoka."

Akatazama saa. Walikuwa na shule nyingine Likoni, na kivuko kina foleni. "Utamaduni wenu ni mzuri sana," aliniambia akiingia garini. "Muuendeleze."

Nilibaki na vumbi lao usoni. Nimeshatukanwa maishani, Kongowea sokoni na kwingineko, na watu wenye midomo kunishinda. Hakuna tusi lililoniuma kama lile.

Nyumbani mama alimuuliza mjukuu wake, "Enhe, umewambia?"

"Hakuniuliza mara ya pili, Bibi."

Mama hakufahamu. "Hakukuuliza vipi? Baada ya kukaa?"

"Hakukaa."

Mama aliuweka ungo chini. Alirudia neno lile mara kadhaa, hakukaa, hakukaa, akijaribu kumpata mtu huyo kichwani mwake na hampati. Mtoto alikuwa ameshainamia jagi. Ile chupa aliyopewa alikuja nayo, na hiyo nayo aliinywa yote.

Siku chache baadaye nilikuwa nashona, redio imewashwa, nikasikia sauti ninayoijua. "Niko salama, alhamdulillahi. Shule ni nzuri." Kisha mtangazaji akaeleza kwamba maafisa wamezunguka shule za pwani na kusikia kutoka kwa watoto wenyewe, wakiwemo wenye ulemavu, na kwamba maoni hayo yataingia katika ripoti ya nchi. Nilizima redio kwa kuivuta waya ukutani. Adabu ya mtoto wetu, aliyofunzwa na bibi yake juu ya mkeka, imechukuliwa kuwa ushahidi. Itasafirishwa mpaka Ulaya, isomwe na watu walioketi kwenye baridi, waseme vizuri sana, Kenya inajitahidi. Na mimi niliyeisikia nipo hapa na uzi mdomoni, sina hata wa kumpigia kelele ila paka.

Homa ilirudi kabla ya muhula kwisha. Safari hii alilazwa, akatundikiwa maji ya mshipa. Ndiyo, maji. Yale aliyoogopa kuyanywa kwa kinywa ilibidi yapitishwe mkononi kwa sindano. Daktari alikuwa mkali. Alituambia wazi kwamba mtoto huyu asirudi mahali ambapo hawezi kunywa na hawezi kwenda choo, au tujiandae kwa mabaya zaidi. Kaka yangu alitoka nje akakaa kwenye lori lake. Mama yake mtoto, ambaye anafanya kazi kiwandani Changamwe na alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku tu, alilia amesimama.

Basi tukamweka nyumbani. Haikuwa rahisi. Ni mtoto anayependa shule kuliko Idi. Alikaa barazani na vitabu vyake, jagi pembeni, akiwatazama wenzake wakipita na sare asubuhi na wakirudi alasiri, na wengine walimletea kazi ya siku. Midomo yake ilipona. Uso ulinenepa. Nilikuwa nikiona afya ile nashikwa na hasira, kwa sababu nilijua imelipiwa na nini. Nchi iliyotia sahihi mapema kuliko wenziwe imempa mtoto achague, maji au masomo.

Na hapo, sasa, ndipo serikali ilipotukumbuka. Asubuhi moja alikuja mwanamume wa ofisi ya elimu, shati limepigwa pasi, amefuatana na mzee wa mtaa wetu ambaye alikuwa anatazama chini kwa aibu. Alisimama mlangoni akasema amepata taarifa kwamba kuna mtoto amezuiliwa kwenda shule. Akatukumbusha kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, kwamba sheria ya nchi na mikataba ya kimataifa inasema hivyo, na kwamba mzazi au mlezi anayemweka mtoto nyumbani anafanya kosa na anaweza kushtakiwa.

Nikawaka. Sitayaandika yote niliyosema, mengine si ya kuandikwa. Nilimwuliza mhandisi wake yuko wapi. Nilimwuliza kama ile rangi nyeupe kwenye ngazi ndiyo kiwango cha kimataifa. Nilimwambia anishtaki leo, na pingu alete, na kiti cha mtoto akisukume yeye mpaka mahakamani tukaone kama nako kuna ngazi. Majirani wakatoka. Mzee wa mtaa akaniomba nishushe sauti, nikampa na yeye chake.

Mama ndiye aliyenikata. "Nyamaza wewe." Kisha akamgeukia mgeni. "Karibu, mwanangu. Ingia ukae."

"Asante, bibi, nina haraka, niko tu—"

"Ndoo ukae."

Ndoo ndiyo njoo ya kwetu, na kuna sauti ya mwanamke mzee wa pwani ambayo mwanamume mzima, hata awe wa wapi, huitii kabla hajafikiri. Alivua viatu, akaingia, akakaa. Mama akamwamuru mjukuu wake asogee. Mgeni akakohoa kidogo, akamwambia, "Hujambo, binti?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Shikamoo."

"Marahaba. Umzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Yule bwana akatutazama kama aliyepata alichokifuata. Mtoto mzima huyu hapa, jagi na vitabu, amefungiwa nyumbani. Akashika magoti ili ainuke. Mama akamwekea mkono begani, mkono mkavu usio na uzito wowote.

"Bado hujamuuliza," alimwambia.

Akabaki amekaa. Nafikiri alikuwa na mtu kwao aliyemfunza, kwa sababu uso wake ulibadilika. Alimtazama mtoto, safari hii vizuri, akasema polepole, "Hali yako hasa?"

Mtoto alimwambia. Alimwambia habari za mkate mkavu na za jagi, za wenzake waliokuwa wakimbeba, za damu, za chupa ya maji aliyoishika mkutano mzima, na za yule bibi mwenye miwani ambaye hakukaa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimwonyesha na choo chetu, mteremko wa baba yake, jinsi kiti kinavyopanda. Bwana yule alisimama pale chooni akautazama mteremko muda mrefu, akaukanyaga kwa mguu.

Aliporudi kukaa alikuwa mtu mwingine, nakubali. Alisema pole, na nadhani pole ilikuwa ya kweli. Alisema ataandika yeye mwenyewe, atafuatilia yeye mwenyewe, ila mambo ya majengo yana taratibu zake, yatapita ofisi hii na ile, na hawezi kutudanganya kuhusu muda. "Kwa sasa," alimalizia, "mrudisheni shule, asipitwe na mitihani. Wakati tunasubiri."

Nilifungua mdomo. Mtoto akanitangulia.

"Na kiu yangu," alimwuliza, "nayo isubiri?"

Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi: mtoto akimjibu mtu mzima hivyo mbele ya mama yangu, paja lake lilifinywa mpaka likaacha alama, na mimi alama zangu ninazo. Nikamwona mama anainua mkono. Aliupitisha juu ya paja la mjukuu wake, akauweka kwenye sehemu ya kiti ya kushikia, akamgeukia mgeni.

"Mjibu," alimwambia.